Filimbi ya Nyumbani kwa Mwenze

Kijiwe chetu cha Kashikishi, hatua chache kutoka ziwani, ni ubao wa mtumbwi uliopasuka, umelazwa juu ya mapipa mawili ya dizeli. Mama Emilienne anatuchemshia kahawa inayovuka ziwa kutoka Zaïre bila kumwamkia mtu wa forodha. Mimi wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimefika Kolwezi, Kigoma na Ndola, na kote huko sijawahi kuwa na pasipoti. Asubuhi ile ya ukungu, filimbi tatu zililala mbele yetu juu ya kitambaa kama samaki waliokosa mnunuzi. Moja ilikuwa ya kupigwa Jumamosi kanisani, pamoja na kwaya, kwenye misa ya kumaliza matanga ya Mwenze, mvuvi ambaye ziwa lilimchukua karibu na Kilwa ya humuhumu ziwani na halikurudisha hata kofia yake. Mpigaji ni mimi. Niliwahi kujisifu kwamba huko Kolwezi nilichezesha watu dansi kwa filimbi, na wafiwa, Mungu awasamehe, waliniamini.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Nkulu, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo. Tunamwita Ministri, maana hufunga tai upande huu wa ziwa, kwa kuwa kwao imekatazwa. Aliinua ile inayong'aa.

— Bon. Njo hii, ndiyo yenyewe. Mupya, ya Lubumbashi. Padri ataona tulimuheshimu marehemu.

— Padri ataona ao atasikia? akauliza Rodwell, fundi wa nyavu, Mbemba wa hapahapa. Jina lake la kijiweni ni Redio, ila yeye betri haziishi. Piga yangu, Pasipoti, akaniambia.

— Yako ni pampu ya baiskeli, Redio, akasema Ministri. Batu batatoka kuangalia tairi zao.

— Awe, hapana! Sauti ya aluminiamu inaenda mbali. Kule Mofwe nilipiga, mamba akatoka mu maji.

— Alikuja kukuomba unyamaze, nikasema.

Mama Emilienne hakucheka.

— Na ile ya kijani?

Hakuna aliyekuwa ameigusa. Rangi yake ilibanduka mdomoni, na pana alama za meno. Mwenze alinunua mbili, zenye sauti moja. Moja alikwenda nayo ziwani. Nyingine ilibaki nyumbani kwa mkewe, Colette. Hapa kwetu, ukungu ukishuka, mke husimama ufukweni. Anapiga, ananyamaza, anasikiliza. Mume anajibu kutoka majini, anaifuata ile sauti mpaka nchi kavu. Siku ile Colette alipiga mpaka midomo ikachanika. Hakujibiwa. Sasa shemeji yake alikuwa ametuletea filimbi hiyo alfajiri, akaiweka, akaenda zake.

— Haipatani na kwaya, nikasema. Kinanda kiko juu kidogo, hii iko chini.

— Ipashe moto mukononi, itapanda, akasema Redio.

— Kwaya njo itashuka! Ministri akapiga ubao. Sauti ya marehemu njo inaongoza!

— Ministri, hujui, akasema Redio. Mutu wa maji hasikii tena kwa masikio. Anasikia kwa tumbo, sawa samaki. Anataka sauti nene.

— Basi tupige ngoma.

— Ngoma? Batakuja bote! Bale balizama tangu wakati ya ukoloni ya Babeleji. Kanisa itatosha?

— Itatosha, nikasema. Nusu watarudishwa mpakani, hawana makaratasi.

— Munacheka, akasema Mama Emilienne. Mutu hana kaburi.

— Njo maana tunacheka, mama, akasema Ministri.

Nikaichukua ile ya kijani, kuimaliza kesi. Ilikuwa baridi. Nikapiga mwito wa Mwenze, ule ambao ufukwe mzima unaujua: mbili fupi, moja ndefu. Ukungu ukaumeza.

Kisha tukasikia maji yakipigwapigwa, kama mtu anayekimbia ndani yake. Yakatulia. Nikapiga tena, mimi mjinga. Miguu ikaja mbio juu ya mchanga.

Alikuwa Colette. Kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Akatazama filimbi mkononi mwangu, akatutazama mmoja mmoja.

— Kumbe ni wee, baba Pasipoti.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shemeji yake kaichukua filimbi.

— Pole, mama, nikasema. Tunachagua ya Jumamosi. Shemeji yako alifikiri hii njo ingefaa.

— Kwa misa?

— Kwa misa, mama.

— Na kwaya itakuwa inaimba?

— Kwaya nzima! akasema Ministri, akinyoosha tai. Na kinanda. Itakuwa kelele ya heshima, mama.

Colette akakamua upindo wa kitenge. Maji yalikuwa yakimdondoka miguuni.

— Basi akijibu, nani atamusikia?

Ministri akalegeza tai yake. Nikamrudishia filimbi yake, ingali na joto la mdomo wangu. Akaipangusa kwa ncha kavu ya kitenge, akarudi ufukweni, ukungu ukamfunika.

Akapiga. Mbili fupi, moja ndefu.

Akanyamaza. Nasi wote, hata Redio, tukanyamaza naye.