Nambari Iliyo Ukutani kwa Mwalimu Walubengo

Jerop wangu amenyonya kalamu hii sasa hivi mpaka midomo ikawa ya buluu. Nimempangusa na leso, naandika.

Mwalimu Maurice Walubengo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hesabu katika shule yetu hapa mtaa wa Munyaka, Eldoret. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Mideva, ameniomba mimi mpishi wa shule niandike maneno ya kumuaga kwa sababu Mwalimu alinifundisha mpaka nikamaliza darasa la nane.

Ni mtu wa mzaha. Ukimpakulia githeri anauliza kama maharagwe yake yanagawanyika kwa tatu, na yakikataa anadai uongeze. Wako wanafunzi wake wanaosomea hesabu chuo kikuu, kule Chepkoilel, leo.

Mwaka wa 2008, tuliporudi kutoka kwa mahema ya wakimbizi baada ya ghasia za uchaguzi, tulikuta darasa halina madirisha. Watoto hatukuwa tukiongea. Mwalimu akachukua rangi nyeusi akaandika ukutani: 1,018,081. Akasema hiyo ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mbili na tano haziingii kwa sababu inaishia na moja. Tatu haiingii kwa sababu tarakimu zake ukijumlisha unapata kumi na tisa. Zingine alizijaribu kwa mkono, moja moja, zote zikashindwa. Akatuambia, "Hii haivunjwi na mtu, na nyinyi vilevile." Tangu hapo kila mtahiniwa huigusa asubuhi ya mtihani. Hata mimi niliigusa.

Wiki jana, akiondoa vitu vyake kabatini, alifungua kitabu kipya cha hesabu. Kile cha zamani kilionyesha nambari tasa hadi elfu moja tu, na yeye majaribio yake yaliishia hapo. Inayofuata ni 1,009. Akagawanya ile ya ukutani kwa hiyo. Jibu likatoka 1,009, hakuna baki. Nilimpata ameketi kwa dawati la mtoto, chakula kimepoa.

Tangu siku hiyo hacheki. Ameomba ukuta upakwe rangi kabla ya Ijumaa, la sivyo hatakuja kwa sherehe yake mwenyewe. Anasema amedanganya watoto waliokuwa wamedanganywa vya kutosha. Nilimwambia ikivunjika inatoa mapacha, 1,009 mara 1,009, na hao mapacha hawavunjiki tena, nimejaribu mwenyewe. Akanitazama kwa upole.

"Kuvunjika ni kuvunjika, Mama Jerop."

Lakini Mwalimu, watu wazima wengi hapa Eldoret wamesimama kwa sababu ya ile nambari, na hatujaanguka eti kwa kuwa umepata kigawanyo chake. Asante kwa kutushika. Tunakuombea mapumziko ya raha huko Webuye, mahindi yazae, magoti yakuache ulale, na ukija kututembelea utaikuta bado ukutani, nitaongeza tu chini yake kwa mkono wangu: 1,009 mara

Madam Mideva ananiita kutoka nje, fundi ameshaanza kupaka na ile moja ya kwanza haionekani, ngoja nikimbie nimwambie