Aliyekubali Kulivaa Lile Koti: Maulid Vuai Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, Bwana Maulid Vuai atafunga mlango wa nyuma wa Ukumbi wa Thimble Lane, hapa Aston, kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa. Ameutumikia ukumbi huu miaka ishirini na saba: mitano ya mwanzo akiwa fundi wa taa, na iliyobaki akiwa meneja wa jukwaa.

Bwana Maulid ni mzaliwa wa Unguja. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi katika karakana ya bawaba mtaa wa pili. Aliletwa ukumbini kurekebisha mlango mmoja uliokuwa ukilia katikati ya maonyesho, akaona nyaya za taa zilivyofungwa, akauliza kwa upole nani anataka kutuua. Siku ile ile alipewa ngazi. Hakurudi tena karakanani.

Waliofanya kazi chini yake wanajua masharti yake. Chai hailetwi karibu na pazia. Anayechelewa anasalimiwa kwa furaha kubwa mno, mbele ya watu wote, mpaka anatamani angetukanwa. Tena hakuna onyesho la jioni siku ambayo timu ya hapa jirani inacheza nyumbani. Sharti hilo lilizaliwa Jumamosi moja, pale mama mmoja jukwaani alipokuwa akimlaza mwanawe aliyekufa, ukumbi mzima kimya, na uwanja wa mpira ukalipuka kwa bao. Kuta zilitikisika. “Refa angalilikataa lile bao,” alisema Bwana Maulid baada ya pazia kushuka, “nisingalisema neno.” Tangu hapo ratiba ya ligi hubandikwa kando ya ratiba ya mazoezi.

Mchezo uliokatizwa na bao lile ndio uliomfanya ajulikane kwa lile koti. Unaitwa “Walioondoshwa”, na unahusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Mwaka 1915 watawala wa dola ya Osmania waliwatoa Waarmenia majumbani mwao, wakaua wanaume wengi, wakawaswaga wanawake, watoto na wazee kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa walifika milioni moja au zaidi. Mwandishi wa mchezo ni Bi Araksi wa Sutton Coldfield, ambaye mama wa bibi yake alinusurika katika msafara huo. Aliwahi kuwaona akina mama wa Kongo wa kikundi chetu cha Kiswahili wakiigiza, akasema hao ndio anaowataka. Tukautafsiri, tukaanza mazoezi majira ya baridi, tayari kwa Aprili 2015.

Tatizo likawa moja. Katika mchezo kuna kadhi Muislamu wa mji mmoja wa Waarmenia anayekataa kuitia mkono amri ya kuwaondosha watu. Wanaume wote wa kikundi waliitaka nafasi hiyo, na Landry, mchekeshaji wetu kutoka Uvira, akaipata baada ya ugomvi. Lakini yuko pia ofisa wa askari, anayegonga milango, kuisoma amri na kukusanya funguo za nyumba. Nafasi hiyo haikuwa na mtu. Wote walikuwa na sababu. Mmoja alisema mama yake atakuwepo. Mwingine alisema watu wa mtaa wa Alum Rock hawatanunua tena dukani kwake. Sababu hizo hazikuwa za kipuuzi, kwani waigizaji kadhaa walikuwa wamegongewa milango yao wenyewe, huko Kivu, Kongo, na watu waliovaa magwanda.

Basi tukamwondoa ofisa, koti lake la kiaskari likabaki limetundikwa. Amri ikasomwa kwenye kipaza sauti, akina mama wakatembea, wakaanguka, pazia likashuka, watu wakalia. Tulijiona tumefanya jambo kubwa. Mlangoni bibi mmoja mwema alimshika Bi Araksi mikono yote miwili, akamwambia, “Poleni sana, mwanangu. Ulikuwa ukame wa mwaka gani huo?”

Bi Araksi alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma. Miaka yote ukoo wake uliambiwa kwamba watu wale walikufa tu, kwa njaa, kwa maradhi, kwa vita, kama kwamba hakuna aliyewatoa nyumbani. Na sasa sisi, tuliotaka kumsaidia, tulikuwa tumeyasema hayo hayo kwa Kiswahili.

Usiku wa pili koti la ofisa lilikuwa na mtu ndani yake. Bwana Maulid hakuomba ruhusa wala hakutangaza. Alimkabidhi msaidizi wake kazi ya kuongoza taa, akatoka upande wa kushoto, akagonga.

Hakupiga kelele hata mara moja. Hicho ndicho kilichotutisha. Alisoma amri kama mtu anayesoma saa za treni, akapita na kikapu nyumba hadi nyumba. “Mabibi, funguo ziacheni kwangu. Mtarudi, inshallah. Chukueni maji kidogo.” Alizingoja kwa adabu, kila ufunguo ukaanguka kikapuni kwa mlio wake. Usiku ule hakuna aliyeuliza habari za ukame.

Funguo zile ni za kweli. Kila mwigizaji hutumia ufunguo wa nyumba anayoishi sasa. Kwa hiyo Bwana Maulid aliweka desturi ambayo bado tunaifuata. Baada ya onyesho, kabla hajavua koti, humwita kila mtu kwa jina lake halisi na kumrudishia mkononi. “Chukua, mwanangu. Nyumba yako hii.” Hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila kuambiwa hivyo. Jumapili moja mchana alisahau, akakifungia kikapu stoo, na kikundi kizima kikakwama nje ya milango yao. Alizigawa kwa gari la ukumbi, Aston mpaka Alum Rock, na koti la ofisa mwilini. Watoto walikimbia. Landry alifungua dirisha la juu akapaza sauti, “Papa Maulid, unanirudisha ama unanihamisha?”

Haikuwa kicheko siku zote. Henriette, anayeigiza mama wa mwisho kutoa ufunguo, alipitisha msimu mzima bila kumsalimia. Siku moja dukani aliweka chini kikapu cha nyanya na kutoka, kwa sababu Bwana Maulid ameingia. Yeye alisema tu, “Mwacheni. Amenitazama sawasawa.” Wenzake wa msikitini nao walimlaumu. “Maulid, we Muislamu, mbona unatupaka matope?” Aliwajibu, “Mie nimemvaa muuaji. Kadhi naye Muislamu, mbona huyo hamumtaji? Njooni muwatazame wote wawili.” Walikuja. Wawili kati yao sasa hutusaidia kufunga mapambo ya jukwaa.

Mwaka 2019 mchezo ukawa filamu. Jangwa la Syria tulilipigia picha kwenye mbuga ya Sutton Coldfield, chini ya manyunyu, tukaishia kuonyesha miguu na nyuso tu. Mpiga picha alimtaka ofisa akunje uso. Alikataa. Baadaye waandaaji wa tamasha moja walitaka kuipokea filamu kwa sharti kwamba sehemu ya funguo ikatwe, isimuudhi mtu. Bi Araksi alimtazama Bwana Maulid, Bwana Maulid akatikisa kichwa, na filamu ikabaki nzima. Inaonyeshwa mashuleni mpaka leo.

Sasa magoti yake yamechoka, na Aprili ijayo mchezo unarudi. Kamati ilipendekeza tumwonyeshe ukutani kutoka kwenye filamu, waigizaji watembee mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho. “Mtu wa ukutani hapokei funguo,” alisema. “Akikosekana mtu, msiucheze.”

Wiki iliyopita alilitundika koti kwenye kiti katikati ya jukwaa, akaketi safu ya mbele. Wanaume walizitazama kamba za viatu vyao. Landry alisema mabega ya koti hayatamtosha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka. Ndipo Henriette akasimama.

“Mulete ile koti,” alisema. “Miye niliwasikia kule Kivu namna wanasemaka. Hawapigake kelele.”

Mikono ya koti ilimfunika vidole. Alisoma amri polepole, akapita na kikapu, akasema mtarudi, na watu wazima tuliomzoea tukarudi nyuma hatua. Kisha akashuka jukwaani mpaka safu ya mbele, akamwekea Bwana Maulid kikapu magotini. Mzee akatumbukiza shada lote la funguo za ukumbi, pamoja na ufunguo wa nyumba yake.

Alipomaliza kuwarudishia wengine, Henriette aliutafuta ule mmoja katika shada, akauchomoa.

“Chukua, Papa Maulid. Nyumba yako hii.”

Shada lililobaki liko ofisini, na koti lina mwenyewe. Kwa milango uliyotufungulia, na kwa ule uliokubali kuugonga wakati sisi tulipokataa, ahsante. Nenda kapumzishe magoti yako, Bwana Maulid. Uishi kwa afya na furaha, na Aprili tutakuwekea kiti safu ya mbele.

Jokha, kwa niaba ya wafanyakazi wa Thimble Lane