Barua kwa Nyambura wa Miaka Kumi na Minne

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na kinywa kama hiki changu, ambacho kiliwahi kulitaja jina lake ili kudanganya.

Wengi hapa Tetu mnanijua kama Mwalimu Nyambura. Hii ni mara yangu ya tatu kusimama mbele ya watu kushuhudia. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne, na yote niliyosema yalikuwa uongo.

Baba yangu alikamatwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, nikiwa mtoto mdogo. Akahamishwa kambi hadi kambi, miaka mingi. Mama akafa kwa homa ya mapafu akimngoja. Mimi nikalelewa na baba mdogo, ndugu yake baba. Ndiye aliyenipeleka shule, na kwake sikulala njaa hata siku moja. Lakini mashamba yalipopimwa, baba akiwa bado kizuizini, kipande chake cha kando ya mto kiliandikwa kwa jina la baba mdogo.

Uhuru ulipokaribia, baba alirudi. Alikuwa anakohoa, na mali yake yote ilikuwa blanketi moja. Akauliza shamba lake liko wapi. Wazee wakaketi kwa chifu kusikiza kesi. Baba hakuwa na karatasi. Wakasema, basi mtoto aitwe, yeye alikuwa akililima na mama yake.

Asubuhi ile baba mdogo alinikuta nikikamua ng'ombe.

"Nyambura, unataka kuendelea na shule?"

"Ndiyo, baba."

"Basi unajua la kusema."

Ndugu zangu, niliapa kwa jina la Mungu! Nikasema, "Lile shamba ni la baba mdogo. Mama alikuwa ameliazima tu." Baba alikuwa amesimama karibu nami, hata ningenyoosha mkono ningemgusa. Hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema, "Sawa, mwanangu. Soma basi." Akachukua blanketi lake akaenda. Baadaye tukasikia ati yuko Mwea, analima mpunga.

Nikasoma kweli. Nikawa mwalimu, nikafundisha Mukurweini. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa mwalimu wa kuogopwa! Kitu kimoja tu kilinitia wazimu: mtoto akidanganya. Siku moja msichana mmoja, Wambui, alisema daftari lake limepotea, kumbe hakuwa amefanya hesabu. Nilimpiga kofi nikimwambia, "Sema ukweli! Sema ukweli!" Nilimpiga tena na tena mpaka damu ikatoka sikioni. Sikio hilo halijasikia tena mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Nilisimamishwa kazi. Nikajifungia nyumbani, sitaki chakula, sitaki mtu. Nilikuwa nikitazama mkono wangu huu naona ni wa mtu mwingine. Nikamwomba Mungu aniue, kwa maana kuishi kulikuwa kumenishinda.

Ndipo mke wa mchungaji wetu, Mama Rakeli, akaja kunitembelea. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Mwalimu, ulikuwa unampiga nani?"

Nikalia, nikamwambia yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyajua. Akasema, "Yule msichana aliyeapa kwa chifu, mwandikie barua. Mshauri vile ungemshauri mtoto wako."

"Nitamtukana."

"Anza na matusi basi, halafu uendelee."

Kweli nilianza na matusi. Ukurasa mzima! Mnafiki wewe, muuzaji wa baba yako. Siku ya pili nikaandika, "Nyambura, najua unaogopa. Mtu mzima amekutisha na wewe ni mtoto." Hapo nilishindwa kuona karatasi kwa machozi. Siku ya tatu nikaandika, "Sema ukweli hata kama utafukuzwa shule. Utachuma majani chai, utafanya vibarua, lakini utakuwa na baba. Na kama umeshadanganya, usikae na uongo huo mpaka uzeeke nao. Mfuate baba kabla hajafika mbali." Nilipoandika neno hilo nilijua halikuwa la yule msichana. Lilikuwa langu mimi, mwanamke mzima, na Mungu ndiye alikuwa ananiambia.

Nikaenda Mwea. Nilimkuta baba ameketi nje ya nyumba ya udongo, miguu imevimba kwa maji ya mashamba ya mpunga, macho yameingia ukungu. Nikapiga magoti.

"Baba, ni Nyambura. Nilisema uongo."

Akasema, "Najua. Nilikuwa hapo."

Ndugu zangu, niliinama pale chini nisijue nitainukaje. Akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akauliza, "Ulikuja kwa miguu? Umekula?"

Sitawadanganya ati mambo yote yalirudi sawa. Nilisimama tena mbele ya wazee nikasema ukweli. Baba mdogo alikuwa ameshakufa, na wanawe walinifukuza kama mbwa. Shamba halikurudi. Baba aliishi miezi minane tu, nikimwosha na kumlisha, na tulimzika huko huko Mwea, katika udongo usio wake. Nilikwenda kwa kina Wambui nikaomba msamaha. Mama yake alifunga mlango. Wambui mwenyewe alikuja nyuma yangu njiani, akanipa mkono.

Lakini mimi nimefunguliwa! Sipigi mtoto tena. Sasa nataja jina la Mungu na halinichomi mdomoni. Asante Yesu, uliyenipa miezi minane ambayo sikustahili hata siku moja yake!

Labda katika viti hivi kuna mtu aliyesema uongo, na yule aliyeumizwa na uongo huo bado anapumua mahali fulani. Ndugu yangu, dada yangu, mwamini Mungu, atakushika mkono. Usingoje hata tumalize ibada. Mlango uko wazi. Inuka uende, sisi tutakuombea ukiwa njiani.