Maji ya Chokaa

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mutie, kaa upande wa dirisha nikuone uso. Kasiva, viache hivyo vyombo, vitaoshwa baadaye. Keti na ndugu yako kochi moja, kama mlivyokuwa mkikaa baba yenu akitoka kazini na vumbi la saruji kwenye nywele. Nina maneno mengi na pumzi chache, kwa hiyo nitasema kidogo, nipumzike, niseme tena, nanyi mtanivumilia bila kunikatiza. Mashine hii ya oksijeni iacheni ingurume. Nimeizoea kama mtu anavyozoea mpangaji mwenye kelele.

Kwanza niwatue mzigo. Najua kwamba nakufa.

Usitazame sakafu, Mutie. Tangu tulipotoka hospitali kule mjini umekuwa ukiniambia kwamba hii ni homa ya mapafu, kwamba dawa zikiisha nitakuwa sawa, na kila nilipotaka tuzungumze mambo ya nyumba hii ulinizuia kwa upole, ukasema, "Mama, wacha hizo. Tutaongea ukipona." Dada yako naye hutikisa kichwa kukubaliana nawe, halafu huenda jikoni kulia, akidhani mlio wa sufuria unamficha. Mimi nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Niliwaambia watoto wa watu kwamba fizikia, kemia na baiolojia ni masomo matatu kwenye ratiba tu, lakini kazi yake ni moja: tazama, andika ulichokiona, ndipo useme maana yake. Basi nami nimetazama. Niliiona picha ya mapafu yangu daktari alipoiinua kwenye mwanga, ina michirizi kama jani kavu la muhindi. Nimeona kwamba zamani nilitembea hadi Barabara ya Naivasha kununua sukuma wiki, kisha nikawa naishia langoni, na sasa nachoka kabla ya kufika bafuni. Naziona kucha zangu zilivyogeuka buluu. Nimeona dada yangu ametoka Mbooni akaacha ng'ombe wake, na huyo hajawahi kuacha ng'ombe kwa ajili ya homa ya mtu yeyote. Ziweke nukta hizo zote kwenye karatasi, mwanangu, uone mstari unaelekea wapi.

Unazikumbuka grafu zako? Ulikuwa kidato cha pili, tukiwa kwenye chumba kile cha mabati nyuma ya nyumba, tumefunga timazi ya baba yenu ya kunyooshea kuta kwenye uzi tukaifanya pendulo. Nilikupa saa na kukwambia upime muda wa kubembea, uzi ukiwa mfupi, kisha mrefu, kisha mrefu zaidi, halafu uchore mraba wa muda huo dhidi ya urefu wa uzi. Nilikwenda kuepua maharagwe. Niliporudi nikakuta grafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, mstari umenyooka kama ukuta wa baba yenu Kitavi, na nukta zote zimelala juu yake, hata moja haikutoka nje. Nikakuuliza ulipimaje. Ukasema, "Si nilijua itanyooka tu, Mama." Ulikuwa umeuchora mstari kwanza, ukaja kuzipanga nukta juu yake. Sikukuchapa. Nilikurudisha kwenye uzi, tukapima pamoja hadi giza likaingia, na nukta zako za kweli zikatoka zimetawanyika, hii juu kidogo, ile chini kidogo, ukakasirika kwa sababu hazikuwa nzuri.

Ndivyo ulivyofanya na ugonjwa wangu. Uliuchora mstari unaosema nitapona, ukaanza kupanga nukta. Sisemi ulinuia mabaya. Watu wengi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mtu anayeambiwa atapona hapewi nafasi ya kusema nani atachukua nini, na wakati nikiwa hospitali, nawe ukinambia nisijali, kuna mtu alikuja hapa akapigilia vigingi na kuvuta kamba kuzunguka maabara yangu, kile chumba cha mabati. Niliviona siku niliporudishwa, gari lilipogeukia uani. Najua maana ya vigingi na kamba. Niliolewa na mjenzi.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante.

Sasa sikilizeni nilivyogawa, na msiulize hadi nimalize. Shamba la Mbooni ni lenu nyote wawili, na dada yangu alime mpaka atakapochoka, msimwondoe. Nyumba hii ya Riruta ni ya Kasiva, kwa sababu ndiye aliyerudi kutoka kwa yule mume akiwa na mtoto mgongoni, na mwanamke mwenye mlango wake hapigi magoti kwa mtu. Vile vyumba vya kupangisha vya mbele ni vyako, Mutie, pamoja na timazi ya baba yako. Wapangaji usiwafukuze kwa jeuri. Mama Maureen wa chumba cha pembeni alinibebea maji mvua ilipokata bomba. Ile mizani ndogo si yetu. Ni ya Njuguna wa duka la dawa, aliniazima tupimie chumvi, mrudishieni na mumwambie haijawahi kudondoshwa. Hadubini ni ya Kasiva, aliyeliona ganda la kitunguu mle ndani akakataa kula kitunguu mwezi mzima kwa sababu alisema kina nyumba za watu.

Umecheka. Vizuri. Cheka.

Limebaki chumba. Naijua hesabu yako, Mutie: pale panaingia ghorofa nyembamba ya wapangaji, na mabati yale ni kutu tupu. Ni kweli. Lakini kila Jumamosi wanakuja watoto wa shule za huku, Riruta na Kawangware na hata Kinoo, ambao darasani kwao bureti moja, ule mrija mrefu wa kioo wa kudondoshea asidi, hushikwa na mwalimu mbele huku wao wakitazama kwa mbali, kisha siku ya mtihani wa kidato cha nne wanawekewa bureti mbele yao na hawajui waishike wapi. Mtoto hakosi akili. Anachokosa ni nafasi ya kuishika. Ivyne, yule binti wa Jumamosi, mara ya kwanza alidondosha asidi ile kwa kasi kama anayemwagia kuku maji, chupa ikageuka rangi kabla hajapepesa jicho, akaniambia, "Mwalimu, nimeharibu." Nikamwambia aimwage aanze upya, na akishaharibu tena, aanze upya tena. Mama yake anafanya kazi za nyumba Lavington. Alikuwa akituletea chupa za jemu zinazotupwa huko, na ndizo tunazopimia wanga kwenye ugali na protini kwenye maharagwe. Hakuna mahali pengine ambapo watoto wale wanaruhusiwa kuharibu.

Chumba hicho nataka kibaki, na ufunguo apewe Nashon Odero wa Kinoo.

Nilijua mtashtuka. Mmekulia katika nyumba ambayo jina hilo halikutajwa, na mnajua nusu tu ya habari. Odero na mimi tulifundisha shule moja ya wasichana, yeye kemia, mimi fizikia na baiolojia, na sijamwona mtu mwenye mkono mtulivu kama wake. Mwaka ule, kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, alifanya kama walimu wanavyotakiwa, akachanganya maji ya asidi mwenyewe, akajaribu kuona kama yanafaa. Kisha akafanya wasichotakiwa kufanya: akawaambia wasichana jibu alilolipata. Mwalimu mkuu alikuwa anamsukuma, wazazi wanamsukuma, na yeye aliwahurumia wale wasichana. Karatasi ziliposahihishwa, darasa zima lilikuwa limeandika namba ileile hadi tarakimu ya mwisho. Kwenye vitu vya kweli hilo halitokei. Jicho la huyu liko juu, la yule liko chini, tone moja linazidi. Wakaguzi walipokuja wakaniuliza nilichokiona, nami nikasema nilichokiona, kwamba jibu walilipata kwake. Matokeo ya darasa lile yakafutwa, Odero akafukuzwa kazi. Peres mke wake alikutana nami sokoni Kawangware akaniambia mbele ya watu, "Umekula sahani ya watoto wangu, Mwalimu Nzula, sasa lamba na vidole." Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Sijutii kusema kweli, wanangu. Lakini nimeomboleza kila nilipoona bureti.

Ngojeni... ngojeni kidogo.

Haya. Juzi, Kasiva anajua, Odero alikuja. Peres alishafariki. Alisimama pale mlangoni na kofia mkononi, mzee, amekonda, akasema, "Mwalimu, nasikia bado unapumua." Nikamwambia, kidogo kidogo. Akasema, "Basi usimalize yote leo, nimetoka mbali." Kisha akaomba aone maabara. Kasiva akamfungulia, akakaa huko muda mrefu hadi nikadhani ameanguka, na aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Alikuwa ameosha bomba zote na bilauri zote. Akaniambia, "Una chupa mbili za asidi hazina majina. Nani alikufunza uzembe huo?" Nikamjibu kwamba nilijifunza kwake. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema jambo ambalo nimelala nalo tangu siku hiyo. Alisema, "Nzula, wale wasichana niliwanyima nafasi ya kukosea." Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Lakini huyo ndiye mtu wa kushika chumba kile, kwa sababu katika watu wote ninaowajua ni yeye peke yake ambaye hatapikia mtoto majibu tena. Mwingine anaweza kujaribiwa. Yeye alishajaribiwa, akaanguka, na anajua urefu wa lile shimo.

Nashindwa kukaa. Niinue, Kasiva. Mto uweke hapo. Hivyo.

Mambo ya kuzika ni machache. Mnipeleke Mbooni, kando ya Kitavi, na kaburi asilipambe mtu. Ibada iwe fupi. Odero akija asikae nyuma. Mwekeni kiti pamoja na walimu. Msigombane mbele ya mwili wangu. Mkitaka kugombana, gombaneni leo, ningali nasikia.

Sasa Kasiva, ilete ile bilauri nilikuomba uitayarishe asubuhi. Ndiyo, ile chokaa ya dukani uliyoikoroga ikatulia, ukachukua maji ya juu tu. Iinue kwenye dirisha. Angalia maji yalivyo maangavu, unaona vidole vyako upande wa pili. Nipe na mrija. Mutie, chukua karatasi na kalamu hapo mezani.

Jaribio hili mlilifanya wote wawili mkiwa wadogo. Pumzi tunayoitoa ina ile hewa ambayo ikiingia kwenye maji ya chokaa huyageuza yakawa kama yamemwagiwa maziwa. Mtu mwenye mapafu mazima anapuliza mara chache tu, bilauri yote inatiwa ukungu. Ufunguo wa maabara uko chini ya mto huu, na mpaka dakika hii sijaamua nani kati yenu ataupeleka Kinoo. Nitapuliza. Mutie, usiandike chochote kabla sijapuliza. Usiniandikie kinachotakiwa kutokea. Usiniandikie kinachoweza kumfurahisha mama yako. Ondoeni hiki kinyago cha hewa.

Kasiva, usilie. Shika bilauri.

...

...

Bado. Mara moja tena.

...

Haya. Irudisheni hewa. Irudisheni... ngoja nipate...

Umeona nini, Mutie?

Sema kwa sauti.

Unasema ni kidogo tu. Chini, karibu na mrija. Juu bado maangavu.

Ndiyo, mwanangu. Ni kweli. Ndivyo yalivyo. Yaandike hivyo hivyo, usiongeze. Na usifute machozi na hiyo karatasi, itaharibika.

Basi ufunguo utaupeleka wewe. Uchukue, hapo chini ya mto. Na vile vigingi uving'oe kwa mkono wako mwenyewe, kisha umwambie Odero kwamba chupa zile mbili... ile yenye kizibo cheusi ndiyo kali. Aiandike jina.

Mungu awe nanyi mnapoingia na mnapotoka. Awape watoto watakaowauliza maswali hadi mchoke. Kasiva, mlango wako usifungwe kwa ndugu yako. Mutie, ukikosea... anza upya. Mmenisikia. Anza upya tu. Nawabariki kwa jina la Bwana, ninyi na... na wale wa Jumamosi.

Sogezeni bilauri dirishani. Nataka kuiona mwanga ukipita.