Kesi ya Fundichuma

Kijiwe cha kahawa cha Bi Mwahija pale Masumbwe, mwaka wa themanini na tano, kilikuwa benchi moja, mafiga matatu na kivuli cha mkuyu. Kivuli kikienda, wateja nao wangekwenda. Asubuhi hiyo shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye mkuyu wenyewe. Juu yake fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, alikuwa na kiota kikubwa kama tenga, na jana magharibi Akida alimwona bundi akitoka humo.

Akida alikuwa mpangaji wa Bi Mwahija, chumba cha uani. Kijiweni aliitwa Hakimu. Hukumu alishaitoa: fundichuma ni ukoo wa bundi, mti ukatwe kabla bundi hajawaletea msiba. Mchimbaji Maganga, waliyemwita Redio, akaongeza kwamba ndiyo maana dhahabu imekimbia mashimoni. Ndege huyo anaiiba chembe chembe na kuilalia kama mayai.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Tukate.

— Kateni. Na kahawa mkainywee juani, Bi Mwahija akajibu.

Akida ndiyo kwanza anyanyue shoka, akaja kijana Thobias, dereva wa watafiti wa ndege, anangoja gurudumu lizibwe. Akaamkia, akaitikiwa, akapewa kikombe na kesi nzima.

Akawaeleza alivyosikia kwa mabosi wake. Damu ya ndege ina nyuzi za urithi, zinaitwa DNA. Wataalamu hutengua nyuzi za ndege wawili, huzichanganya zishikane, kisha huzipasha moto. Za ndugu wa karibu hung'ang'aniana mpaka moto uwe mkali. Za walio mbali huachana mapema. Kwa kipimo hicho, fundichuma ni jamaa ya mwari na korongo. Bundi yuko mbali kabisa.

Hapo Redio akageuka. Korongo ndiye mleta mvua. Nani amkatie jamaa yake mti?

— Moto wa Wazungu huo, alisema Akida. Mimi nimeona kwa macho yangu. Kalala mle, basi ni wa mle.

— Na wewe, baba, unalala wapi? Thobias akauliza.

— Kwa Bi Mwahija.

— Kumbe ni mama yako?

Kijana aliuliza kwa adabu tu. Hakimu akatafuta jibu mbinguni, akakikuta kiota.

Bi Mwahija aliweka birika chini. Kisha akasukuma gogo kwa mguu mpaka miguuni pa Akida.

— Shoka unalo. Nipasulie kuni, mwanangu.

Akapasua.