Hata Ng'ombe Wetu Ana Jina

Ndani ya boti ya kutoka kisiwa cha Makoongwe, Bi Saada, jirani yangu, aliinamia simu ya kijana asiyemjua. "Mwanangu, hao weusi wenye mikuki unaowapiga risasi ni nani?" Kijana akajibu, "Maadui tu, Bi. Ni gemu." "Majina yao?" "Hawana."

Bi Saada akajifunga kanga vizuri. Nikajua kijana ameyataka mwenyewe. "Sisi Wapemba tunacheza ng'ombe, dume anatukimbiza uwanjani na hatumuui. Yule ng'ombe ana jina, tunamwimbia, na mchezo ukimalizika anarudi kwao kula majani. Hawa wenye rangi yangu na yako ndio wafe bila jina?"

"Lakini huu ni mchezo, Bi!"

"Na wetu ni nini, ibada?"

Boti ikagusa gati la Mkoani. Abiria tukashuka. Kijana alibaki ameketi, kidole kimesimama juu ya kioo, anamtazama mmoja wa wale wenye mikuki usoni.