Laiti ya Dereva

Puu. Mlio ule wa usiku wa manane, wa kitu chepesi kugonga sakafu, ulikuwa bado masikioni mwa Mama Vikombe asubuhi alipotua birika la kahawa kijiweni, mtoto mgongoni, roho mkononi. Wateja wake aliwakuta wamekalia ndoo. Benchi lilikuwa limevunjwa jana na lori lililorudi nyuma. Dereva aliteremka, akalitazama, akasema, “Laiti ningeliona,” akaenda zake.

— Laiti, alisema Kinyozi. Benchi la miaka tisa, halafu laiti.

— Si ndiyo kujuta huko, alisema Fundi Saa.

— Kujuta wapi? Majuto ni mjukuu, na yule hata mke hana. Mjukuu atamtoa wapi?

— Basi alikuwa anajihurumia mwenyewe.

— Eeh. Samahani unampa mwenzio. Laiti unabaki nayo mdomoni kama mate. Ningekuwa serikali mimi, anayesema laiti faini.

— Akirudia, jela. Vita vyote vilianza hivyo, ndugu yangu, mtu alisema laiti badala ya kusema samahani.

— Neno la waoga. Au siyo, Mama Vikombe? Wewe ndiye uliyesoma.

Kahawa ilimwagikia sahanini. Yeye alikuwa akiisema tangu saa nane, laiti nisingesinzia, laiti ningemlaza upande wa ukuta, laiti, laiti, mpaka kukapambazuka.

— Nyie mnagombea kiti, alisema. Kuna watu hiyo laiti imewakaba koo, nyie mnaitoza faini.

Mkunga mstaafu, aliyekuwa amefuata saa yake kwa fundi, akauliza taratibu:

— Mtu akishasema laiti, afanye nini?

 

Mama Vikombe akafungua mbeleko. Nyuma ya sikio la mtoto palikuwa na nundu.

— Alianguka kitandani, nilisinzia namnyonyesha, akalia kidogo tu, akalala, na zahanati naogopa, watamwita wifi, na wifi kila siku anasema mimi si wa kuachiwa mtoto, atamchukua.

Mkunga alipapasa nundu, akamtazama mtoto machoni.

— Twende sasa hivi. Nitamwambia daktari. Zaidi ya huyo, simwambii mtu.

Mama Vikombe akawageukia wanaume. Kinyozi alikuwa ameshampokea birika.

— Sisi tulikuwa tunazungumza habari za benchi, mama. Nenda. Hatumwambii mtu.